Ukaguzi wa vitalu si kazi ya mezani

Upo ugonjwa unaowapata watendaji wengi kila unapokaribia msimu wa kupanda, nao ni ugonjwa wa kuhesabu. Takwimu hupanda kutoka kijijini hadi katani, kutoka katani hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi mkoani: miche elfu kadhaa imeoteshwa, elfu kadhaa imegawiwa, elfu kadhaa imepandwa. Taarifa huwa na safu ya aina ya mche, safu ya idadi na safu ya gharama. Ni nadra kukuta safu ya afya. Ni nadra kukuta mahali panapouliza nani aligeuza jani akatazama upande wake wa chini, nani aling'oa mche mmoja akauosha mizizi, na ni miche mingapi iliyoonekana haifai ikateketezwa. Taarifa inayosema miche yote ilikuwa mizuri hupokewa kwa makofi, ilhali mtu yeyote aliyewahi kuotesha miche anajua kwamba hakuna kitalu duniani ambacho miche yake yote ni mizuri. Taarifa ya namna hiyo haina maana nyingine ila kwamba hakuna aliyekagua.

Katika wilaya ya Urambo jambo hili haliwezi kuachwa lipite kama uzembe mdogo wa ofisi. Urambo inaishi kwa kitalu. Tumbaku, zao ambalo limeilisha, kuisomesha na mara nyingine kuiingiza wilaya hiyo katika madeni, haipandwi moja kwa moja shambani. Mbegu yake ni ndogo mno: gramu moja hubeba mbegu zaidi ya elfu kumi. Huoteshwa kitaluni kabla ya mvua, hulelewa kwa wiki kadhaa, kisha mche huhamishwa. Hekta moja huhitaji miche ipatayo 15,000. Tumbaku hiyo ikivunwa huhitaji kuni za kuikausha, na kwa kuwa miombo imekatwa kwa miaka mingi, mkulima hutakiwa apande miti, nayo miti hiyo huanzia kitaluni ndani ya viriba. Ongeza miembe, mipapai na michungwa inayouzwa kando ya barabara, miche ya nyanya na kabichi ya mabondeni, na vipande vya mihogo vinavyobebwa kwa baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji. Vyote hivi ni vya ukoo mmoja: ni mmea uliozaliwa mahali pamoja ukahamishiwa mahali pengine.

Hapo ndipo hatari ilipo. Shamba moja likiugua, hasara ni ya mwenye shamba na ya majirani zake wa karibu. Kitalu kimoja kikiugua, hasara ni ya kila aliyefika na tenga, toroli au lori kuchukua miche. Mwenye kitalu huwa amewagawia watu mia moja ugonjwa kwa siku moja, tena kwa nia njema, na huenda kwa bei nafuu.

Watu wa Urambo hawahitaji kufundishwa kwamba njia hubeba vitu. Katika miaka ya 1870 Mtemi Mirambo, kutoka makao yake ya Iselamagazi, aliishika njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Unyanyembe kwenda Ujiji. Msafara haukupita nchini mwake bila kusimama, kujieleza na kulipa hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ushuru halali wa mtawala na wala si aibu inayoitwa kwa jina hilo hilo leo. Mwaka 1871 aliifunga njia, na wafanyabiashara wakubwa wa Tabora wakapigana naye kwa miaka kadhaa. Mtu anaweza kumsifu Mirambo au kumlaumu, lakini hawezi kumshtaki kwa kutojua kilichokuwa kikipita mlangoni pake.

Hata hivyo wapo wasafiri ambao hakuna mtemi aliyeweza kuwasimamisha. Mwaka 1872, wakati Mirambo yumo vitani, meli iliyotoka Brazil ilimshusha funza katika pwani ya Angola. Mdudu huyo hakuwako Afrika bara kabla ya hapo kwa namna ya kuenea. Akapanda nyayo za wapagazi na askari, akalivuka bara zima kwa miguu ya watu wengine, na katika miaka ya 1890 alikuwa amefika ufuko wa Bahari ya Hindi. Hakuna aliyemwona akipita. Kila mtu alimwona alipokwisha kufika, wakati vidole vimeoza na watu hawawezi kutembea. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na funza mawazoni, lakini methali hiyo ilimngoja.

Karne moja baadaye mkoa wa Tabora ulipewa somo la pili, na safari hii wanafunzi wa kwanza walikuwa wakulima wa mahindi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa mkoa huo, Urambo ikiwamo, walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga ndani ya vihenge kabla hayajafika kinuni. Mwaka 1981 wataalamu walimtambua mhalifu: mbawakawa mdogo mweusi, mwenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati, ambaye hakuwahi kuonekana katika bara la Afrika. Serikali na wataalamu wakamwita dumuzi. Wakulima wengine, kwa kuona nguvu yake ya kusaga kila kilicho mbele, walimwita Scania kama lori. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba aliingia ndani ya shehena ya mahindi kutoka ng'ambo. Utafiti uliofanywa mkoani Tabora na kuchapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba, katika ghala zilizoathirika vibaya zaidi, mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi michache yalipoteza kama theluthi moja ya uzito wake. Dumuzi hakuishia kwenye mahindi. Alikula makopa ya mihogo, akatoboa miti ya vihenge vyenyewe.

Gharama ya kutomsimamisha mdudu huyo mlangoni haijamalizwa kulipwa hadi leo. Desturi ya vizazi ya kuhifadhi mahindi katika magunzi yakiwa na maganda yake ilibidi iachwe. Mkulima akaambiwa apukuchue, achanganye punje na dawa ya unga, na kila mwaka anunue dawa hiyo kwa fedha taslimu. Mwaka 1983 dumuzi alikuwa Taveta nchini Kenya, na mwaka uliofuata alikuwa Burundi. Nchini Togo aliingia kwa njia nyingine mwaka 1984, hivyo Tabora haiwezi kubebeshwa lawama ya bara lote. Lakini katika vitabu vya elimu ya wadudu duniani kote, jina la Tabora limeandikwa kama mlango alioingilia dumuzi Afrika Mashariki. Ni sifa ambayo hakuna mkoa ungeitafuta, na ingefaa angalau iwe imezaa mkoa wenye macho makali kuliko mingine yote.

Wapo watakaosema kwamba dumuzi ni mdudu wa ghalani, na kwamba kumtaja katika habari za vitalu ni kuchanganya mambo. Hoja hiyo ni ya mtu anayetazama mdudu akasahau mlango. Mahindi yale yalikuwa na karatasi zake, yalihesabiwa magunia kwa magunia, yakapakiwa na kupakuliwa. Kitu kimoja tu hakikufanyika ipasavyo: hakuna jicho lililotazama ndani kwa wakati. Miche inayotoka kitaluni leo ikiwa na orodha, stakabadhi na sahihi, lakini bila jicho, inasafiri kwa utaratibu ule ule.

Na kwa wanaotaka mifano ya mimea hai, ipo tele. Mikaratusi ilipendwa kwa sababu hukua upesi na kutoa kuni za mabani. Mwaka 2000 hivi nyigu mdogo mwenye asili ya Australia, urefu wake milimita moja na kidogo, alianza kuonekana Mashariki ya Kati. Mwaka 2002 alikuwa Kenya, na mwaka 2005 alikuwa ameonekana Tanzania. Huyu hutaga mayai ndani ya mshipa wa kati wa jani na katika vikonyo, na mche huota vinundu, huvimba, hujikunja na kudumaa. Anapenda zaidi kilicho kichanga, yaani mche wa kitaluni na machipukizi. Upepo humsaidia, lakini upepo hauna kasi ya lori lililosheheni viriba. Kila aliyegawa miche yenye vinundu bila kujua aligawa nyigu, na kila halmashauri iliyoiandika miche hiyo katika hesabu ya mafanikio iliandika msiba wake kwa wino wa sherehe.

Mihogo ina historia ndefu zaidi, na ni aibu kwamba historia hiyo ni ya nyumbani. Ugonjwa wa batobato ya mihogo uliandikwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1894, kutokana na mimea iliyoonekana katika nchi hii hii, milima ya Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936, nayo pia ni kazi ya kituo cha Amani. Kwa maneno mengine, magonjwa mawili makubwa kuliko yote ya zao linalookoa watu wakati wa njaa yalipewa majina yake katika ardhi ya Tanzania, na bado kuna watu wenye vyeti wanaochukua vipande vya mihogo kutoka shamba lolote lenye majani ya kijani na kuvigawa kama mbegu bora. Michirizi ya kahawia ni mnafiki: shina linaweza kusimama zuri, majani yakapendeza, na mwenye shamba akagundua siku ya kuvuna kwamba ndani ya muhogo mna uozo mkavu wa rangi ya kahawia usiolika hata na nguruwe. Nzi weupe hueneza virusi hivyo jirani kwa jirani. Anayevirusha mkoa kwa mkoa ni binadamu mwenye mzigo wa vipande.

Ni muhimu basi kusema wazi ukaguzi wa kitalu ni kazi gani, kwa sababu neno lenyewe limechakazwa. Ukaguzi si gari kusimama nje ya uzio, mwenye kitalu kuitwa, kitabu kutiwa sahihi juu ya boneti na soda kunywewa. Ni kazi ya magoti na vidole. Mkaguzi anayeijua huanza nje, kwenye magugu yanayozunguka kitalu, kwa kuwa huko ndiko wadudu wanakolala wakisubiri. Akiingia hutazama sisimizi: wakionekana wakipanda na kushuka shina la mche, wanafuata kitu kitamu, na kitu hicho mara nyingi ni majimaji yanayotolewa na vidukari au vidugamba waliojificha juu. Hugeuza majani, kwa sababu wadudu wengi hukaa upande wa chini ambako jua na macho ya wageni wa heshima hayafiki. Asubuhi na mapema hutafuta miche iliyokatwa shina usawa wa udongo, kwani hiyo ni kazi ya sota waliokula usiku na kujifukia. Palipo na miche iliyolala kwa duara, kama iliyokanyagwa, hajidanganyi kwamba ni kiu. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda maji yaliyozidi na miche iliyosongamana.

Na kwa nini miche husongamana? Kwa sababu idadi inatakiwa. Mwenye kitalu aliyepewa lengo kubwa na eneo dogo humwaga mbegu nyingi kuliko inavyofaa, humwagilia asubuhi na jioni ili ziote upesi, na kwa kufanya hivyo hukiandalia kinyausi kitanda laini. Ugonjwa wa kuhesabu, uliotajwa mwanzo kana kwamba ni kejeli, ni chanzo halisi cha ugonjwa wa mimea.

Baada ya majani huja mizizi, na hapa ndipo wakaguzi wengi hukwepa kwa sababu mikono itachafuka. Mche wa tumbaku wenye minyoo fundo unaweza kuonekana wa kawaida kabisa juu ya ardhi. Ung'olewe, uoshwe ndani ya ndoo ya maji, na mizizi itaonyesha vinundu kama shanga. Minyoo hiyo haionekani kwa macho, lakini ikishahamia shambani pamoja na mche haihami tena. Mkulima ataishi nayo kwa miaka, akibadilisha mazao na kupumzisha ardhi, huku majirani wakimwita mvivu kwa sababu tumbaku yake haikui. Zamani, katika nchi nyingi zinazolima tumbaku, udongo wa vitalu ulifukizwa kwa gesi ya methili bromidi iliyoua karibu kila kitu. Gesi hiyo ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zilipangiwa kuachana na matumizi hayo ifikapo mwaka 2015. Dunia ilifanya vyema kuiacha. Lakini gesi iliyofichua uvivu wa wachache na kuufunika wa wengi haipo tena, na kilichobaki mahali pake ni jicho la mtu, kuhamisha kitalu kila msimu na kuchoma udongo kwa kuni na majani makavu kabla ya kusia.

Kuna jambo moja linalopaswa kumwaibisha mkaguzi kuliko mengine yote. Virusi vya batobato ya tumbaku havihitaji mdudu kusafiri. Hukaa ndani ya jani lililokaushwa, hata ndani ya sigara, vikiwa hai kwa muda mrefu, na hupita kutoka kwenye kidole kwenda kwenye jani kwa kugusana tu. Mtu aliyetoka kuvuta sigara, au aliyekuwa akipanga tumbaku ghalani, akiingia kitaluni bila kunawa kwa sabuni, hupanda ugonjwa kwa kila mche anaoushika. Katika nchi nyingine wafanyakazi wa vitalu huchovya mikono katika maziwa yaliyoondolewa mafuta kwa sababu maziwa hupunguza nguvu ya virusi hivyo, jambo ambalo lingewachekesha wengi kijijini, ila ni kweli. Sasa afikiriwe mkaguzi mwenye pakiti mfukoni, anayetoka kitalu cha kwanza kwenda cha pili na cha tatu akishikashika majani bila kunawa. Huyo amekuwa msafara wa ugonjwa, akilipwa posho na umma. Bora angebaki ofisini.

Ipo desturi nyingine inayohitaji kuguswa kwa uangalifu, kwa sababu ni nzuri. Mvua za kwanza zinapoanguka na mkulima akaona miche yake haitoshi, huenda kwa jirani aliyebakiwa na miche, naye humpa. Huo ni ujirani, na mtu anayetaka kuufuta kwa amri hajui anaishi wapi. Lakini ugawaji huo ndio unaobeba magonjwa kutoka pembe moja ya kijiji hadi nyingine katika wiki ile ile ambayo kila mtu ana haraka. Dawa yake ni jirani anayetoa kuwa na kitalu kilichokaguliwa. Na miche inayobaki baada ya kila mmoja kupata yake iharibiwe. Kitalu kilichotelekezwa baada ya kupandikiza huendelea kuota na kuwatunza vidukari na virusi mpaka msimu ujao.

Sheria haikosekani. Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikaunganisha kazi zilizokuwa zimetawanyika kati ya taasisi ya viuatilifu ya Arusha na Wizara ya Kilimo. Mbegu zina taasisi yake ya kudhibiti ubora. Tumbaku ina bodi, na Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, pana watafiti wa kilimo kwa miaka mingi. Mkulima wa Urambo hakosi vyombo. Anakosa chombo kinachomfikia akiwa bado na miche kitaluni. Mtaalamu anayefika shambani Januari kueleza kwa nini tumbaku imedumaa ameleta matanga. Alitakiwa Septemba.

Kisha kuna swali ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa. Mkaguzi akikuta kitalu kina ugonjwa wa kuteketezwa, nani anabeba hasara? Ikiwa jibu ni mwenye kitalu peke yake, basi Serikali imemlipa mwananchi huyo ili afiche. Mtu aliyekopa mbegu na mbolea kwa chama chake cha msingi, aliyemwagilia kwa ndoo kwa wiki nane, hawezi kutegemewa kumwita afisa aje kumchomea jasho lake na kumwachia deni. Atanyamaza, atauza haraka, atagawa usiku. Na mkaguzi mwenye njaa akimkuta katika hali hiyo, mambo mawili yanaweza kutokea, na moja lina jina lile lile la ushuru wa Mirambo, ila safari hii mzigo unapita bila kutazamwa.

Kwa hiyo anayetoa amri ya kuteketeza hana budi kufika na miche mbadala, au na hati ya kuipata ndani ya wiki hiyo hiyo kutoka kitalu kilicho safi. Vyama vya ushirika vinavyokata fedha za wanachama kwa mambo mengi havishindwi kutenga vitalu vya akiba kwa kazi hiyo. Na ukaguzi wenyewe usigeuzwe kuwa chanzo cha mapato. Ofisi inayopimwa kwa fedha ilizokusanya kutokana na vyeti itatoa vyeti vingi. Ofisi inayopimwa kwa vitalu ilivyozuia itakuwa na marafiki wachache na mkoa wenye afya.

Udhuru wa kawaida ni kwamba maafisa ni wachache na magari hakuna. Ni kweli kwamba maafisa ugani hawatoshi, na anayewacheka akajaribu yeye kuhudumia vijiji vinne kwa pikipiki isiyo na mafuta. Lakini udhuru huo, ukitazamwa vizuri, unatetea ukaguzi wa vitalu badala ya kuupinga. Mashamba ni maelfu na yametawanyika. Vitalu ni vichache, viko karibu na maji, na kila mtu kijijini anajua vilipo. Afisa asiyeweza kutembelea mashamba mia tano anaweza kutembelea vitalu ishirini vinavyoyalisha mashamba hayo. Mwenye nguvu kidogo ndiye anayepaswa kusimama mlangoni, kwa kuwa hana uwezo wa kufukuza wezi chumba kwa chumba.

Urambo imekwisha kuwaona watu waliopenda kuhesabu kuliko kutazama. Mwaka 1947 Waingereza walifika na matrekta na mpango wa karanga wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, Urambo ikiwa moja ya sehemu tatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Ekari zilihesabiwa kwa bidii kubwa mjini London. Udongo, mvua na magonjwa ya karanga havikusoma taarifa hizo, na mwaka 1951 mpango ulifungwa ukiwa umepoteza zaidi ya pauni milioni 35. Leo kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Lengo ni jema. Nchi inakauka na miombo inakwisha. Lakini miti milioni moja na nusu iliyotoka katika vitalu visivyokaguliwa ni milioni moja na nusu ya nafasi za kusambaza kilichomo, na hesabu ya iliyobaki hai baada ya kiangazi cha pili ingefaa isomwe kwenye mkutano ule ule inaposomwa hesabu ya iliyopandwa.

Walimu wana sehemu katika jambo hili kuliko wanavyodhani. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na shamba, na nyingi zina kitalu cha miti au cha matunda, ambacho miche yake huenda nyumbani na watoto. Hakuna lori linalofika kila kaya ya kata nzima kwa siku moja. Watoto wa shule hufika. Shule inaweza kuwa kitovu cha maambukizi au ngome yake ya kwanza, na tofauti kati ya mambo hayo mawili haihitaji bajeti. Mtoto wa darasa la tano ana macho makali kuliko afisa wa miaka hamsini, na hufurahia kumkuta mdudu. Akifundishwa kugeuza jani, kung'oa mche mmoja katika kila tuta na kuuosha, kutazama kama mzizi umetoboa kiriba na kuingia ardhini, na kuandika tarehe na alichokiona, atakuwa amesoma sayansi, hesabu na uraia kwa pamoja. Miche iliyoletwa kutoka nje ikae peke yake wiki mbili mbali na mingine kabla ya kuchanganywa. Shimo la kuchomea lichimbwe kabla ya kusia, si baada ya ugonjwa kuingia, ili kuteketeza kusionekane kama adhabu.

Vitalu vya tumbaku husiwa wakati wa kiangazi, na miche huanza kutoka kwenda mashambani mvua za Novemba zinapoanguka. Wiki hizo chache ndizo zote zilizopo. Mtendaji wa kata anajua vitalu vya kata yake viko kwenye visima gani. Mwalimu mkuu anajua kitalu cha shule yake kiko wapi. Afisa kilimo wa wilaya anaweza kuagiza kwamba kila kitalu kiwe na daftari moja lililofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya uzio, lenye tarehe ya kila ukaguzi, jina la aliyekagua, alichokikuta na miche mingapi ilichomwa. Pembeni yake iwekwe ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na atakayeingia anawe kwanza, akiwa mwanafunzi au akiwa mkuu wa wilaya.